Shemeji Aachana na Waya

Shemeji yangu ni fundi saa. Kibanda chake kina upana wa meza moja, na akiwa humo huinama kioo kimebana jichoni, sikio limeelekea saa kama daktari anayesikiliza kifua cha mtoto. Saa ikianza kuchelewa, anasema, yeye huisikia kabla mwenyewe hajagundua. Masikio hayo hayo ndiyo aliyotuletea kwenye bendi yetu ya harusi, na hapo ndipo tulipoanza kuonana wabaya.

Bendi ni watu wanne. Dada yangu, mke wa Shemeji, anaimba. Mimi napiga dramu. Binamu yetu anapiga besi na hasemi kitu, kwa hiyo usimtarajie sana katika habari hii. Shemeji anapiga gitaa la umeme, na kati ya gitaa lake na spika yake palikuwa na waya wa mita tisa, mweusi, mnene kama mkia wa ng'ombe. Kila tukimaliza kazi aliufuta kwa kitambaa, akaukunja taratibu, akaulaza begani. Watoto wake wote watatu hakuna aliyewahi kubebwa vile.

Wenzetu wa bendi nyingine walikuwa wameshahamia wayalesi, yaani kupiga bila waya, zamani. Shemeji akiwaona hutikisa kichwa kwa huruma.

"Sauti ikipita hewani inapoa," aliniambia. "Inawafikia watu kama chai ya jana. Waya una joto, shemeji. Sikiliza tu."

Mimi nilisikiliza. Nilisikia gitaa.

Jumamosi moja mchana, katikati ya wimbo, Dada alikuwa anarudi nyuma kwa madaha, mkono mmoja hewani, kisigino kikanasa kwenye ule waya. Alikwenda arijojo hatua tatu, akaishia kuketi kwenye mapaja ya baba wa bwana harusi, mtu mzima mwenye heshima zake aliyekuwa ameinua kijiko. Dada ni mtu wa kazi: ubeti aliumalizia pale pale alipokaa. Ukumbi mzima ukapiga makofi, wakidhani ndivyo tulivyopanga. Mke wa yule mzee hakupiga.

Tulipofika nyumbani, Dada alivua viatu, akaviweka mezani mbele ya mumewe.

"Baba watoto, chagua."

"Nichague nini?"

"Huo waya au mimi."

Shemeji alifikiri kidogo. Kosa lake lilikuwa hapo. Hakupaswa kufikiri.

Kesho yake Dada alikuja na kiboksi. Ndani mlikuwa na vidude viwili, kila kimoja saizi ya kiberiti: kimoja unachomeka kwenye gitaa, kingine kwenye spika, basi, waya hakuna. Palikuwa pia na karatasi ya maelekezo iliyokunjwa mara nane. Hakuna aliyeikunjua.

"Nifungeni macho," Shemeji akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeenda mahakamani akijua ana haki. "Mpige mara kumi. Kila mara nitawaambia ni waya au ni hewa. Nikikosea, nautupa waya mwenyewe."

Tukamfunga macho kwa kilemba cha Dada, tukamkalisha sebuleni akitazama ukuta. Binamu akashika gitaa. Dada akawa anachomeka na kuchomoa, mimi naandika. Shemeji alijibu haraka haraka, bila wasiwasi hata chembe. Sauti ya saba aliiponda: "Hii hewa. Imepwaya, haina mifupa." Ya nane ilimfanya aegemee kiti na kutabasamu. "Aah. Waya huo. Mnalisikia hilo joto?"

Kati ya ya saba na ya nane Dada hakugusa kitu chochote. Alikuwa anajikuna.

Alipata nne. Nilimsomea majibu yote, moja baada ya jingine, na kwa kweli nilicheka, nikacheka mpaka mbavu zikauma. Binamu naye alicheka, jambo ambalo sijaliona tena. Shemeji alifungua kilemba, akakikunja vizuri, akamrudishia mwenyewe. Halafu akachukua ufunguo, akaenda kibandani. Ilikuwa Jumapili. Hajawahi kufungua Jumapili.

Dada alibaki amesimama na vile vidude mkononi. "Nimeshinda," alisema, "mbona sijisikii vizuri?"

Lakini Shemeji si mtu wa kuvunja ahadi. Waya aliuweka juu ya kabati, akaanza kupiga kwa wayalesi, mwanzoni kwa kununa. Siku ya tatu tukamkuta anapiga akiwa jikoni huku anaangalia maziwa yasimwagike. Siku ya tano alikuwa uani, anapiga huku anaanua nguo. Mara akatoka mpaka barabarani, spika ikiwa sebuleni, akarudi mbio kutuuliza, "Nilisikika? Nilipofika kwa fundi viatu, nilisikika?" Mtu aliyesimama pahali pamoja miaka kumi na minne alikuwa amegundua kwamba ana miguu.

Harusi iliyofuata ilikuwa kwenye jengo lenye kumbi mbili, sisi juu, na chini yetu kulikuwa na mkutano wa chama cha wafugaji wa kuku. Tuliuona ubao wao mlangoni tukaupita tu.

Shemeji siku hiyo hakushikika. Alipita katikati ya meza akipiga, akawazunguka mashangazi, akapiga magoti mbele ya bibi harusi, kisha akatoka zake mlangoni akiendelea kupiga, na sauti ikabaki nasi kama kawaida. Halafu ikafifia, ikakatika. Nikafikiri amepumzika. Wimbo ukaisha, bwana harusi akasimama kuzungumza. Kijana mwembamba, koti limemzidi mabega, karatasi mkononi.

"Mke wangu," alianza, "leo mbele ya wazazi wetu, nakuahidi..."

"Ahadi, ahadi, ahadi!" ikasema spika ya Shemeji. "Tumechoka na ahadi zake!"

Bwana harusi akageuka nyuma. Hakuona mtu.

"Nakuahidi kwamba nita..."

"Miaka mitatu tunaye mtu huyu! Miaka mitatu! Kuna aliyeona hata yai?"

Mama wa bibi harusi akainuka. "Miaka mitatu? Alikuwa na nani miaka mitatu?"

"Mama, mimi sijui, mimi si..."

"Yule wa kwanza tulimfukuza kwa tabia hizi hizi!" spika ikanguruma, na sauti nyingine, ya mama mtulivu, ikaingilia: "Jamani, jamani. Tumpe nafasi ajitetee."

"Ndiyo, ajitetee!" mama mkwe akasema, akakunja mikono.

Bibi harusi alikuwa ameshaanza kuivua pete. Dada alinitolea macho, nami nikaruka juu ya dramu, nikaing'oa spika umeme. Na pale ilipotulia, ndipo tuliposikia, kutoka chini ya miguu yetu, gitaa. Tamu, safi, linapiga wimbo wetu wenyewe.

Dada alishuka ngazi na visigino vyake vyote, mimi nyuma yake. Ukumbi wa chini ulikuwa na wafugaji kama sitini. Nusu yao walikuwa wanagombana na mwenyekiti, nusu nyingine walikuwa wanacheza. Spika zao kubwa, zilizotundikwa ukutani, zilikuwa zinatoa gitaa la Shemeji kila maiki yao ilipozidiwa nguvu. Naye mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, macho ameyafumba nusu, vidole vinakwenda.

"Baba watoto! Acha!"

Akaacha. Mwenyekiti, mama mwenye miwani, akaushika mkono wa Shemeji kwa nguvu zote. "Kaka, wewe ndiye uliyeninyamazishia watu hawa? Mungu akubariki."

Dada akaikwapua maiki yao, nayo haina waya, akaigeuza, akakuta chini yake namba ndogo ya njia ya mawimbi: moja. Akageuza kidude cha kwenye gitaa: moja. Akakibonyeza kidogo kikasoma mbili, na cha kwenye spika tukaja kukiweka mbili pia. Ndivyo ilivyokuwa rahisi, na bila shaka ndivyo ilivyoandikwa kwenye ile karatasi.

Mwenyekiti alipanda juu nasi yeye mwenyewe na yule aliyekuwa akifoka kwenye maiki, na mbele ya wageni wote wakaeleza kuwa aliyekuwa akisemwa ni katibu wao, na kwamba mayai ni mayai ya kuku. Ilibidi waeleze mara mbili, maana mama mkwe alitaka kumwona huyo katibu. Katibu akaitwa, mzee wa miaka sabini na kofia yake, na mama mkwe akaketi. Bibi harusi akairudisha pete kidoleni, akacheka mpaka wanja ukamtoka, naye bwana harusi akasoma ahadi zake zote kutoka juu, polepole, akisita kila mstari kuitazama spika.

Tukiwa tunafunga vyombo, jua bado likiwaka madirishani, nilimkuta Dada ameketi na mumewe kwenye ngazi.

"Ulijuaje uende chini?" alimuuliza.

"Nilipotoka nje ya ukumbi sikujisikia huko juu. Nikajisikia kwa mbali, huku chini. Nikafuata."

"Kupita milango miwili na kelele za watu sitini?"

"Ni gitaa langu," Shemeji akasema, kama mtu aliyeulizwa anavyomtambua mwanawe. Kisha akashusha sauti. "Mama watoto, ile Jumapili nilidhani masikio yamekwisha. Nilikwenda kibandani nikasikiliza saa zote, moja moja. Niliogopa."

Dada alimwegemea begani, pale ulipokuwa ukilala waya. "Masikio yako mazima," alisema. "Kinywa chako tu ndicho chenye maneno mengi kuliko yanavyosikia."

Mimi nikaingia mitini. Kulikuwa na vicheko vyangu vya ile Jumapili ambavyo vilianza kuniwasha.

Siku hizi Shemeji anapiga kwa wayalesi harusini, na nyumbani kwa waya, kwa sababu anaupenda, na hakuna anayemwomba sababu nyingine. Mtu akitupigia simu kutaka bendi, Dada haulizi kwanza tarehe wala idadi ya wageni. Anauliza, "Na ukumbi wa jirani, siku hiyo, kuna akina nani?"