Saini ya Marehemu

Asubuhi hiyo fundi baiskeli alimwapisha bintiye huku akimfunga vifungo vya gauni: "Huko uwanja wa ndege, mdomo koma. Nitaongea mimi."

Ilibidi. Mtoto mwenyewe alikuwa na miaka sita, na marehemu mama yake ndiye aliyempachika jina la Redio, kwa kuwa kilichosemwa nyumbani leo, kesho kilitangazwa mtaa mzima. Na nyumbani kwa fundi hakikusemwa kingi ila wakubwa kutukanwa. Wakubwa waliua kiwanda cha nguo, mkewe akakosa kazi, akaenda ng'ambo kufua mashuka ya hoteli. Huko akaugua, akafa, akazikwa. Ubalozi ulisema unalishughulikia suala la kumrudisha. Mpaka leo unalishughulikia. Sasa wenzake marehemu wa kazini walikuwa wametuma tiketi mbili, Redio akaone mama yake alipolala.

Dirishani, ofisa wa uhamiaji, kijana wa tai iliyombana shingo, alizilaza pasi zote mbili za kusafiria mezani.

"Mzee, jina la mwisho la mtoto si lako."

"Ni la baba yangu, mkubwa. La kwangu mimi ni la babu yangu."

"Kwa nini msitumie moja?"

Fundi akakumbuka. Kwenye dirisha la kuandikisha vizazi aliambiwa: jina la mtoto, la baba, la babu, basi; alipotaka kuongeza la ukoo, karani akamfokea kwamba nafasi imekwisha. Dirisha moja la serikali lilimwamrisha, na sasa jingine linamuuliza kwa nini alitii!

"Haya, cheti cha kuzaliwa kinasema baba ni wewe," ofisa akaendelea. "Lakini hata mababa huiba watoto. Barua ya mama ya kuridhia iko wapi?"

"Mama ndiye tunayemfuata."

"Basi mpigie."

"Hapatikani."

"Jaribu tena."

"Amekufa, mkubwa."

"Pole. Uthibitisho?"

Fundi akatoa cheti cha kifo. Ofisa akakigeuza juu chini.

"Lugha gani hii?"

"Ya huko alikofia."

"Kitafsiriwe, kigongwe muhuri, urudi wiki ijayo."

"Ndege inaondoka sasa hivi!"

"Ndege si yangu."

Bosi wa zamu akaitwa. Akaja taratibu, tumbo limemtangulia, kijiti cha meno mdomoni. Alipoelezwa, akatikisa kichwa. "Bila saini ya mama, haiwezekani. Utaratibu ni utaratibu."

Fundi, ambaye kibandani kwake hupindua serikali kila siku kabla ya chai ya saa nne, aliinamisha kichwa. "Ndiyo, mkubwa. Nawaombeni, wakubwa zangu."

Redio akamkodolea macho, kana kwamba kaletewa baba wa mtu mwingine. Bosi akamwinamia.

"Mtoto mzuri, huyu nani wako?"

"Baba."

"Nani kakufundisha kusema hivyo?"

Redio akashika kiuno. "Baba, si ndiye huyu uliyemsema? Tumbo mbele, akili nyuma? Wanakula mpaka dawa za hospitali, halafu wanatuambia utaratibu! Mfyuu!"

Akasonya, jicho moja kalifumba, kidole gumba kakielekeza begani.

Foleni nzima ikaangua kicheko. Fundi aliliona kaburi la mkewe likimponyoka.

"Nyamaza we! Mkubwa, nisamehe, sijui kayaokota wapi maneno haya!" alisema, jicho moja kalifumba, kidole gumba kakielekeza begani.

Bosi akamtazama baba, akamtazama mtoto, akamtazama tena baba. Nyuma, mama mmoja alikuwa bado anajipangusa machozi ya kicheko, na wengine walishaanza kutoa simu.

"Gonga muhuri, kijana," bosi akanong'ona. "Huyu hajaibiwa. Kelele hizi na jicho hilo havifundishwi kwa siku moja. Na wapitishe upesi, kabla hajanimalizia taarifa ya habari!"

Utaratibu usiopindika ukapindika kama waya. Fundi akanyakua pasi, akamvuta mtoto mkono mpaka walipouacha mlango nyuma.

"Mama yako angeyasikia hayo, angekucharaza!"

"Haya, twende tukamwambie," Redio akasema, akatangulia mbele.