Upande wa Zambarau

Nilichokiona kwanza ni ukucha wa kaka Gharib. Chaki ya zambarau ilikuwa imejaa chini yake. Rangi nyingine zilimgusa vidole juu juu tu. Alikuwa amechuchumaa uani kwetu Rusimbi, amechora kwenye saruji mstari mpana wa rangi, kuanzia zambarau hadi nyekundu. Mimi nilikuwa naanika dagaa.

"Hebu niazime wavu mmoja, Nasra."

Nilipoachishwa shule darasa la tano nimuuguze mama, Gharib alikuwa akirudi kutoka darasani ananifundisha yote aliyofundishwa, nami nikichochea moto. Sasa alikuwa mtu wa nyota, amekuja likizo na mkewe Zaitun, na wenzake walikuwa wakisubiri neno lake: chombo watakachopimia mwanga wa maelfu ya nyota kikamate rangi zipi.

Akautandaza wavu juu ya chaki.

"Nyuzi ni hizi hizi. Nikiuvuta ufunike rangi zote, matundu yanapanuka, alama ndogo zilizo ndani ya mwanga wa nyota zinapita kama dagaa wachanga. Lazima upande mmoja uachwe. Wenzangu wanataka nyekundu, maana mwanga wa mbali kabisa hufika umekuwa mwekundu. Mimi..." Akasugua ukucha. "Nyota kongwe, alama zao nyingi ziko huku kwenye zambarau. Niko peke yangu. Wewe ungefunika wapi?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Lakini wifi Zaitun, msomi kama yeye, alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake cha chai. Akacheka kwa upole.

"Muache wifi yangu aanike. Utamkausha yeye badala ya dagaa."

Nikainama, nikawapanga dagaa waliokwisha kupangwa.

Gharib alingoja. Kisha akaukunja wavu taratibu, akanirudishia.

"Nimekuchosha, mdogo wangu."

Nikamsikia nyuma ya nyumba akiongea kwenye simu: sawa, tuchukue nyekundu.

Jioni nilifagia uani. Zambarau niliiruka, mpaka mvua ilipokuja kuiondoa yenyewe.

Chombo chao sasa kinafanya kazi, na watu wanakisifu. Kaka akipiga simu huuliza hali ya mama, upepo wa ziwani, dagaa wanatokaje. Habari za nyota hanipi tena. Anadhani hazikuwahi kuniingia.

Zambarau, kaka. Ningefunika zambarau. Nilikuwa nimekuelewa.