Ving'ora Viwili Alasiri Moja

Ninyi wenye watoto wanaougua kifua, hasa mnaokaa mpakani kama mimi, someni haya sasa mkiwa mmetulia, maana siku yenyewe ikifika hamtatulia. Mimi sikutulia. Shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo siandiki kwa ufundi. Naandika kwa woga.

Nyumba yetu imekaa vibaya. Mtaro unaopita nyuma ya jiko ndio mpaka wa manispaa mbili. Takataka zetu huzolewa na Manispaa ya Juu, maji yetu hutoka Manispaa ya Chini, na taa ya barabarani mbele ya mlango haina mwenyewe: iliungua mwaka wa tatu huu na kila upande unasema ni ya mwenzake. Mume wangu, ambaye ni dereva wa lori na siku nyingi yuko safarini, husema sisi ni watoto wa wake wenza. Wakati wa sifa tunaitwa na wote, wakati wa kula kila mmoja anadhani tumekula kwa mwenzake. Tulikuwa tunacheka.

Binti yetu wa pili ana miaka kumi na mitano. Mjomba wake alimpa jina la Kinanda, kwa sababu pumu ikimbana kifua chake hutoa sauti mbili tatu kwa pamoja, nene na nyembamba. Jina likamganda. Daktari alinionya zamani: mama, sauti hiyo isikutishe sana, ikutishe siku ikinyamaza naye bado anahangaika.

Ilikuwa saa tisa alasiri. Mnaijua saa hiyo, nyumba inavyokuwa kama imezama majini. Vumbi lilikuwa linaelea kwenye mwanga wa dirisha, halipandi wala halishuki. Ng'ambo ya ukuta cherehani ya jirani yangu ilikuwa inakwenda, inasimama, inakwenda. Mimi nakunja nguo, usingizi umenikalia mabegani. Kinanda akaingia akiwa ameshika ukuta. Mkono mwingine umeshika pampu yake ya dawa. Akanionyesha vidole sita: ameivuta mara sita. Nikakitegea sikio kifua chake.

Kimya.

Nikapiga namba ya dharura ya Manispaa ya Juu. Akapokea binti mmoja, sauti yake laini kama mtu anayekufunika shuka.

"Mama, gari linatoka sasa hivi. Dakika kumi na mbili. Usikate simu, kaa na mimi."

Dakika kumi na mbili! Nilimtazama mwanangu, midomo yake imeanza kuwa na rangi ya majivu, mabega yanapanda na kushuka kama ya mtu anayeogelea. Nikakata. Hilo ni kosa langu la kwanza.

Nikapiga namba ya Manispaa ya Chini. Huyo alikuwa mwanamume wa makamo, mwenye mambo yake pole pole.

"Nyumba iko upande gani wa mtaro, mama?"

"Upande wenu, baba. Upande wenu kabisa."

"Umeshapiga simu kwingine?"

"Hapana."

Hilo ni la pili, na ndilo kubwa. Nilidanganya bila kupepesa macho. Niliona nikisema ndiyo, ataniambia nisubiri hao hao. Nilitaka magari mawili, nilitaka hata kumi, lolote litakalotangulia. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Hawakusema kwamba wakati mwingine humponyoka zote.

Nikamkalisha Kinanda mlangoni, mgongo wake kifuani kwangu, tukisubiri. Jua lilikuwa jeupe. Barabara haina mtu. Halafu kutoka juu nikasikia king'ora, chembamba, kama uzi unavutwa kutoka mbali sana. Kabla sijashukuru nikasikia cha pili, kutoka chini. Vilikuja vikiitana. Kila kimoja kilipopanda, kingine kilishuka, na mimi katikati nikahisi kama nimelala kwenye machela ya kamba inayobembea. Sijawahi kusikia kitu kizuri namna ile. Machozi yakanitoka kwa raha.

Jirani yangu fundi akatoka nje, utepe wa kupimia bado umemning'inia shingoni.

"Mama Kinanda! Leo umeita msafara wa harusi?"

"Nimeita wote, jirani."

"Basi nisogeze viti, wasije wakagombania mlango."

Akacheka, nami nikacheka. Ndiyo, nilicheka, mtoto wangu hapumui vizuri mikononi mwangu.

Kisha king'ora cha juu kikakaa mahali pamoja. Kikawa hakikui. Kikaanza kupungua. Nikageuza kichwa upande wa pili nikitegemea kile kingine, na kile nacho kilikuwa kinapungua. Vyote viwili vilikwenda zao taratibu, kimoja huku, kimoja kule, mpaka nikawa sijui kama bado nasikia au nakumbuka.

"Jirani," fundi akasema, na sasa hakuwa na utani, "mbona kama wanaondoka?"

Niwaeleze kilichotokea, kama nilivyoelezwa baadaye. Manispaa hizo mbili zilikuwa zimekubaliana mwaka ule kwamba gari likielekea mpakani, chumba cha simu cha upande mmoja kimwarifu mwenzake kwa redio. Sababu ni njema: siku moja magari mawili yalimfuata mtu mmoja aliyeteguka mguu, na kule kwingine mzee akangoja gari ambalo halikuwepo. Basi siku yangu, yule binti akaarifu, "Tunakwenda nyumba ya mtaroni." Na yule bwana naye, karibu dakika ile ile, akaarifu, "Nyumba ya mtaroni tunakwenda sisi." Kila mmoja akasikia mwenzake ana gari njiani. Kila mmoja alikuwa na mgonjwa mwingine anayemsubiri. Kwa adabu na kwa nia safi, kila mmoja akamwambia dereva wake: geuza, wenzetu wanaye. Kama watu wawili wanaokutana mlangoni, pita wewe, hapana pita wewe, kisha wote wanarudi walikotoka na mlango umebaki wazi.

Na mimi je? Mimi nilikuwa napiga simu. Nilimpigia mume wangu aliye safarini, sijui afanye nini. Nikampigia mjomba. Nikapiga hospitali, nikampigia dada yangu, nikampigia tena mjomba. Kidole kilikuwa kinabonyeza chenyewe. Fundi alikuwa amepiga magoti, anampepea Kinanda kwa kipande cha karatasi ya kukatia nguo, anamwambia, "Nitazame mimi, mwanangu. Nitazame pua yangu mbaya." Kinanda akamtazama. Macho yake yalikuwa makubwa na mapole, kama ya mtu anayetazama mvua.

Mikono yake ikalegea.

Nikaitupa simu sakafuni ili nimshike kwa mikono miwili. Ilipogusa tu sakafu, ikalia.

"Mama," ilikuwa sauti ile laini, ila sasa inatetemeka. "Nimekupigia mara saba, simu yako inatumika. Gari la wenzetu limefika?"

"Limefika masikioni tu."

"Unasema?"

"Hakuna gari! Hakuna la kwenu, hakuna la kwao!"

Nikamsikia akimwita mtu kwa jina la kazi, nikasikia redio ikikwaruza. Halafu akarudi. "Safari hii usikate, mama. Niambie anavyopumua. Anapovuta, sema." Nikasema. Sasa. Sasa. Bado. Sasa. Fundi akawa anaitikia na mimi. Sijui ilikwenda muda gani. Mwanga wa dirishani ulikuwa umesogea ukafika miguuni kwetu.

Gari lililofika lilikuwa la Chini, kwa sababu dereva wake alikuwa bado hajafika mbali. Muuguzi mnene akaruka kabla halijasimama. Barakoa ya oksijeni, sindano, mtungi. Ndani ya gari redio ikaita, na nikaitambua sauti ya yule bwana wa pole pole.

"Mgonjwa wa mtaroni yuko na nani?"

"Yuko na sisi," dereva akajibu.

Muuguzi akamnyang'anya kifaa. "Siyo sisi. Yuko na mimi. Nimemshika mkono hapa."

"Umemshika wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe, kiongozi."

Tangu siku ile ndiyo sheria yao, pande zote mbili: gari halirudi mpaka atokee mtu aseme nimemshika mgonjwa mkono. Waliniita kwenye chumba cha simu, wa Juu na wa Chini pamoja, wakaniambia. Yule binti wa simu ni mdogo kuliko nilivyodhani, ana chunusi. Aliniomba radhi. Nami nikamwambia nilidanganya. Yule bwana aliinamisha kichwa, akasema alijua sauti yangu ina haraka ya kuficha kitu, na hakuuliza mara ya pili.

Piga simu moja. Ukiwa umepiga mbili, sema nimepiga mbili. Usikate. Na ukikata, basi iweke chini simu, iache ipate nafasi ya kulia.

Kinanda alilazwa siku tano. Siku ya tatu, alipoweza kuongea, nilikuwa nimeegemea kitanda chake nikidhani amelala.

"Mama," akasema, "ving'ora vile vilipokuwa vinapungua, sikujua kwamba ni magari yanayoondoka."

"Ulidhani nini?"

"Nilidhani yenyewe yamesimama pale pale yananisubiri. Nilidhani ni mimi ninayekwenda."

Nikamwambia anyamaze, apumue.