Rangi ya Mkwe

Mchora mabango hakuwa na cheti cha shule yoyote, hakuwa na meno mawili ya mbele, hakuwa na subira, na hakuwa na Kiingereza. Hayo mengine aliyazoea. Hili la mwisho lilimkera tangu mwanawe aoe ng'ambo mwanamke asiyejua Kiswahili hata cha salamu. Miaka mitatu mzee na mkwewe walisalimiana kupitia kinywa cha mwana, naye mzee alishuku kwamba kinywa hicho kilikuwa kinapunguza.

Basi akiwa na miaka sitini na minane akajiandikisha masomo ya jioni.

Siku moja ikaja bahasha. Ndani mlikuwa na picha ya mkwe kitandani, mtoto mchanga kifuani, na nyuma ya picha hiyo mstari wa Kiingereza ambao mzee aliusoma mwenyewe bila kumwita mtu: Baba, unatuonaje?

Ameulizwa yeye, lazima ajibu yeye. Akaitazama picha kwa jicho la mtu aliyechanganya rangi miaka arobaini. Mtoto alikuwa na rangi nzuri. Mama yake alikuwa na rangi ambayo yeye angeipata kwa nyeupe, tone la manjano na tone la kijivu. Siku ya tatu kamusi ikampa neno: pallid. Aliyepauka, asiye na damu usoni wala nguvu.

Jioni akasimama darasani, akasoma barua yake kwa sauti. Mtoto ni mzuri, iliendelea, na wewe ni pallid.

Mwalimu, kijana wa rika la mwanawe, akaweka chaki chini.

"Mzee, maana umeipata sawasawa."

"Najua."

"Ila neno hilo haambiwi mtu machoni pake. Wanalisema juu ya mgonjwa akiwa chumba kingine. Au juu ya uso wa maiti. Hata hotuba isiyo na ladha wanaiita hivyo."

"Kwa hiyo nimemwita mkwe wangu hotuba?"

"Umemwita maiti, baba!" alisema mama mshonaji kutoka dawati la nyuma. "Tena na mtoto kifuani!"

Darasa likavunjika mbavu. Mzee akamgeukia.

"Wewe mama, jana uliniambia nini pale mlangoni?"

"Nilikwambia umepauka, hebu kula."

"Nilinuna?"

"Ulinimalizia mkate wangu."

"Haya basi!"

"Lakini mama alikuwa mbele yako na mkate mkononi," mwalimu alisema. "Mkwe wako atabaki na karatasi tu. Atadhani umemkagua ukamwona hafai."

Mzee akakaa. Hilo hakulifikiria. Miaka mitatu binti wa watu anangoja neno lake, halafu neno lenyewe liwe hilo!

"Mwandikie amependeza," mshonaji akamshauri, sasa kwa upole.

"Hao wa kumwambia amependeza wamejaa. Wa kumwambia alale ni nani?"

Kesho yake asubuhi alisukuma kando makopo ya rangi, akaandika upya, kamusi magotini. Alichana karatasi nne. Ya tano ikasema hivi:

Binti yangu, nawaona vizuri. Mtoto ana afya. Wewe umefanya kazi kubwa, na usoni inaonekana. Kula. Lala mchana. Mume wako ambebe mtoto. Mwambie baba ameagiza, asipunguze hata neno. Nilikuwa na neno moja zuri kutoka kwenye kamusi, mwalimu amelikataza. Ukipata nguvu nitakufundisha, tucheke pamoja. Mimi baba yako.

Akaisoma mara mbili kwa sauti, akaona hakuna cha kuongeza. Akaikunja, akalamba gundi ya bahasha, akaikandamiza kwa kiganja. Kule posta akabandika stempu mwenyewe, zikiwa zimenyooka kama maandishi ya bango. Karani akanyoosha mkono aipokee.

"Acha, mwanangu," alisema mzee, akaitumbukiza sandukuni kwa mkono wake.