Machela Iliyorudi Wazi

Kama kulikuwa na mtu kijijini Msheko aliyestahili kwenda kozi ile, basi ni Koleta, na anayebisha ni mbishi wa kuzaliwa tu. Kijiji cha ujamaa kilipoanzishwa huku juu milimani, watu wawili walipelekwa mjini Same kufundishwa huduma ya kwanza: yeye, na Eliamini, binamu ya mumewe. Walirudi na mkoba wa bendeji na dawa ya vidonda, wakijua kufunga mguu uliovunjika kwa vijiti, kuzuia damu, na kumlaza ubavu mtu aliyezimia. Eliamini aliupenda ule mkoba. Koleta aliipenda kazi. Mvua inyeshe, ukungu ushuke mpaka usione mkono wako, baragumu likilia yeye yuko njiani tayari, anakimbia huku anajifunga kanga.

Baragumu la mgonjwa lilikuwa na milio yake: mifupi miwili, mrefu mmoja. La msaragambo, la kuwaita watu kwenye kazi ya pamoja, lilikuwa mlio mrefu mmoja tu, na hilo watu walilitegea, tusidanganyane. La mgonjwa hakuna aliyelitegea. Wanaume wanne walichukua machela, miti miwili na blanketi lililoshonwa katikati, wakambeba mgonjwa mpaka barabarani Makanya kutafuta gari, na hawakumtua chini hata mara moja. Walipokezana mabegani, kwa kuwa huku mgonjwa akishaguswa na udongo wa njiani anahesabiwa ameagwa. Na machela ikirudi, watu waliisoma kwa mbali. Ikiwa imekunjwa na kufungwa kamba, mgonjwa yu hai. Ikiwa wazi, blanketi linaning'inia, wanawake walianza kulia kabla hata ya kutajiwa jina.

Koleta alikwisha kuiona ikirudi wazi. Mwaka uliotangulia Rogathe, rafiki yake wa tangu utotoni, alijifungua akaanza kutokwa damu. Koleta alimkandamiza tumbo njia nzima kama alivyofundishwa, akimsemesha, mpaka walipokaribia barabarani Rogathe akaacha kujibu. Hospitalini walimwambia iko sindano ya kuzuia damu ile, lakini wa kuichoma lazima awe amesoma kozi ya pili. Tangu siku hiyo Koleta hakutaka kitu kingine duniani.

Kozi ya pili ilipotangazwa, miezi mitatu huko Same, nafasi ilikuwa moja kwa kila kijiji. Mkutano ulimchagua Koleta kwa makofi, na aliyepiga makofi kuliko wote ni Rubeni, mumewe. Mzee Tumainieli, mwenyekiti wa kijiji, akaeleza utaratibu: Landrova ya wilaya itapita Makanya saa sita mchana siku ya Jumatatu, na haimngoji mtu. Aliyechaguliwa asipofika, mwenzake aliyesoma naye kozi ya kwanza ashike nafasi. Eliamini alicheka pamoja na watu, akasema yeye hana haja, anamwachia shemeji yake.

Asubuhi ya Jumatatu Rubeni mwenyewe alilifunga sanduku la bati la mkewe kwa kamba. Akakaza fundo, akakaza la pili, akavuta kuona kama yameshika. Koleta alimtazama akaona haya, maana siku zote alihofia kwamba mume huyu angemkatalia.

"Mtoto nitamwangalia," Rubeni alisema. "Wewe nenda ukasome, Mama Bahati. Usiwaze huku."

Hapo ndipo baragumu lilipolia, ng'ambo ya bonde. Mifupi miwili, mrefu mmoja.

Koleta alisimama katikati ya nyumba, kiatu kimoja mguuni. "Eliamini yupo, angeweza kwenda," alisema. "Lakini linatoka upande wa kwa wifi."

"Nenda kawatazame," Rubeni akamwambia. "Muda bado upo. Ukiona ni mtu wa kubebwa, teremka naye moja kwa moja. Mimi nitakuletea sanduku barabarani."

Neno jema kama hilo kutoka kwa mume, nani angelitilia shaka? Koleta alinyakua mkoba akakimbia.

Mgonjwa alikuwa Justa, dada yake Rubeni, ambaye mtoto wake wa mwisho alidakwa na mikono ya Koleta mwenyewe. Mume wa Justa alikuwa mlangoni, baragumu bado mkononi, midomo inamtetemeka, maskini ya Mungu. Eliamini walikwisha kumtafuta wasimwone. Koleta akapiga magoti kando ya kitanda akafanya kazi yake. Akasikiliza mapigo ya moyo: yametulia. Akagusa paji la uso: halina homa. Akabonyeza tumbo, akalikuta laini, tumbo la mtu aliyekula kiporo akashiba.

"Unaumwa wapi hasa, wifi?"

"Ndani," Justa alisema, macho ukutani. "Ndani kabisa. Usiniache, wifi."

Mwingine angejiondokea. Lakini mwalimu wao wa kozi ya kwanza aliwaambia kwamba anayesema anaumwa mchukulieni anaumwa mpaka daktari aseme vingine, wala msimwache njiani. Na Rogathe naye, saa ya kwanza, hakuonekana mgonjwa. Koleta akaagiza machela.

Njia ya kuteremka Makanya ni mbaya, mawe na makorongo, lakini wale vijana wanne walijua habari za gari la saa sita na walikaza mwendo. Kila walipokaza, Justa alipiga ukelele. "Mnaniua! Tumbo langu!" Ndipo Koleta, aliyekuwa kando akimshika asiyumbe, akasema kwa kinywa chake mwenyewe: "Polepole, jamani. Polepole." Jua lilipanda, naye akaliona likipanda. Kijana mmoja alipochoka, Koleta aliingiza bega lake chini ya mti. Justa aliomba maji, kisha akaomba tena, na kwa kuwa machela haituliwi, ikabidi wasimame na mzigo mabegani huku Koleta akimnywesha kidogo kidogo. Alimfuta jasho ambalo wala halikuwepo. Alimwambia asiogope.

Walipofika barabarani jua lilikuwa limeshapinduka. Rubeni hakuwepo, sanduku halikuwepo. Aliyekuwepo ni Mwanamkasi, mama wa Makanya anayeuza chai na maandazi kituoni.

"Koleta! Mbona gari lenu limekwenda zamani?" aliuliza. "Yule mwenzako Eliamini alikuwa hapa tangu alfajiri, kavaa viatu vya kanisani. Kamwambia dereva kwamba umeghairi."

Nyuma ya Koleta, vijana walikwisha kuitua machela, na Justa alikuwa anashuka. Alishuka vizuri tu, akakung'uta kanga yake, akatembea kwa miguu yake mpaka kwenye benchi la Mwanamkasi.

"Limetulia," alisema bila kumtazama mtu. "Nipe chai, dada. Na maandazi mawili."

Wabebaji waliduwaa, mabega yamewavimba. Koleta alimtazama wifi yake akitafuna. Mwanzoni hakuelewa. Kisha akaelewa, na ikamuuma. Hila yao ameibeba yeye, kwa bega lake. Ameinywesha maji, ameibembeleza, ameiteremsha polepole isije ikaumia.

"Eliamini ndiye aliyekutuma?"

"Wifi, usiniulize."

"Nilikudakia mtoto, Justa. Nakuuliza mara hii tu."

Justa akainamia kikombe, machozi yakamdondokea ndani ya chai. Jibu hilo lilimtosha Koleta, wala hakulichunguza zaidi.

Kijana mmoja alianza kuikunja machela. Koleta akamshika mkono. "Iache wazi."

"Mama, watu watadhani..."

"Wadhani tu. Nataka watoke wote wasikie nitakachosema."

Akaiweka ile miti begani, blanketi likining'inia mgongoni, akaanza kupanda peke yake. Hasira ilimpa nguvu. Njia nzima alipanga maneno atakayomwambia mama yake Eliamini, na Mzee Tumainieli, na kijiji kizima. Pumzi zilipomwishia alijiambia kwamba Rubeni yupo. Labda sanduku lilimlemea, labda wamepishana kwenye njia za mkato. Rubeni atampokea machela, atamwambia pole, kisha watakwenda wote wawili kwa mwenyekiti. Hilo ndilo lililomfikisha juu.

Kijiji kilikuwa kwenye ndiva, lile bwawa la maji ya mifereji, wanazoa tope kwa msaragambo. Mwanamke mmoja aliinua uso akaona machela, akaona blanketi linavyoning'inia. Karai likamdondoka. Kilio kikaanza hapo, kikawashika wanawake wote, na majembe yakasimama moja baada ya jingine.

Rubeni alikuwa katikati ya bwawa, tope magotini, na mgongoni tope lililokwisha kukauka, la mtu aliyefanya kazi tangu asubuhi. Koleta alimwona, na kabla hajajiuliza mtu huyu anafanya nini pale, Rubeni naye aliiona machela.

Akatupa jembe. "Justa!" alipiga ukelele. "Dada yangu! Haiwezekani! Alikuwa haumwi! Alikuwa haumwi kitu, nilimwambia ajilaze tu, ajilaze mpaka gari lipite!"

Wanawake walinyamaza. Yeye hakunyamaza. Alianguka magoti kwenye tope, analia, anasema kosa ni lake, Eliamini hakutaka, yeye ndiye aliyemsukuma, na sasa Mungu amemlipa kwa kumchukulia dada.

Mzee Tumainieli alimshika bega. "Rubeni. Unasema nini?"

Maneno yote aliyoyapanga Koleta yalikuwa yamempotea. "Justa hajafa," alisema. "Yuko Makanya anakula maandazi."

Rubeni aliinua uso, na kwanza ukajaa furaha, furaha ya kweli. Halafu akawaona watu waliomzunguka, wote wanamtazama.

"Mama Bahati," alisema, "miezi mitatu ni mingi. Wanawake wanaokwenda kozi wanarudi hawatusikii tena. Ningesemaje pale mkutanoni? Watu wote walikuwa wanapiga makofi."

"Ungesema hapana. Ningelia, ningekununia, yangekwisha. Lakini baragumu, Baba Bahati? Baragumu la mgonjwa?"

Koleta aliitua machela ukingoni mwa ndiva akaenda nyumbani. Sanduku lilikuwa palepale lilipofungwa asubuhi, mafundo yake yote mawili yamekaza. Aliketi juu yake akalia kwa sauti, wala hakujali anayesikia. Mzee Tumainieli alikuja mpaka mlangoni, akasema atakwenda wilayani kueleza, labda kozi nyingine ikitokea. Kisha akaondoka.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama baragumu lilipolia tena, kutoka upande wa chini. Mifupi miwili, mrefu mmoja.

Koleta alitoka nje. Rubeni alikuwa amekaa kwenye jiwe, tope bado miguuni.

"Na hili?" Koleta aliuliza.

"Hili silijui. Haki ya Mungu, Mama Bahati, hili silijui. Hili ni la kweli."

Koleta alimtazama usoni, uso aliouamini miaka yote bila kufikiri, akaona hawezi kujua. Akaenda ndani akachukua mkoba wa bendeji, kwa kuwa huenda kweli mtu anaumwa, akapita mbele ya mumewe akashika njia. Vijana walimpita mbio na machela, mmoja akageuka akamwita, "Twende, mama, twende!" Aliwasikia. Lakini tangu afundishwe kazi ile, hiyo ilikuwa mara ya kwanza Koleta kuitwa na baragumu asikimbie.