Mwaka Ambao Husni Alikuja Mkutanoni

Kwa miaka sita Husni hakukanyaga mkutano wa mwaka wa kampuni yao ya barafu, na kwa miaka sita wenzake walimtafutia sababu. Fahima wa mapokezi alishikilia kuwa ni maringo. Fundi anayesimama mlangoni tu akajua mashine ipi inaumwa, alisema, atakosaje kujiona?

Nkatha hakuamini. Alikuwa na miezi minne tu tangu atoke Meru kuja kisiwani Amu kuwa afisa wa wafanyakazi, na mkutano wa mwaka huu ulikuwa mikononi mwake. Alimfuata Husni kiwandani, akangoja mpaka azime mtambo.

"Bwana Husni, mkutanoni kuna nini kinachokukimbiza?"

Husni alipangusa mikono. "Mara ya kwanza nilikuya," alisema. "Spika zilikuwa nyuma ya kitwa changu. Watu wakapiga makofi. Kisha tukaambiwa kila mtu amkumbatie jirani yake tufahamiane. Mwanamume nisiyemjua akanikumbatia. Nikashika ndia kwa miguu hadi kijijini Matondoni. Viatu vikasalia ukumbini."

Nkatha hakucheka. Alimweleza habari za mdogo wake, ambaye harusi zote za ukoo huzitazama akiwa ndani ya gari, vioo vimefungwa. "Daktari alituambia ni usonji."

"Mimi jina sina," Husni alisema. "Nijualo ni kuwa kelele haziningii moya moya. Zaningia zote pamoya."

"Basi niambie ukumbi uweje ndipo ukae."

Hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo. Aliomba siku mbili, akaleta karatasi iliyojaa pande zote. Auone ukumbi siku moja kabla, ukiwa mtupu. Ratiba iandikwe, na ifuatwe. Kiti chake kiwe karibu na mlango. Makofi yasipigwe. Asiitwe mbele. Feni ya tatu, iliyokuwa ikilia mara ile, inyamazishwe.

Meneja wao, Patroba, aliisoma mara mbili. "Mkutano bila makofi si ni matanga, Nkatha?"

"Tutasema mashaallah, kwa sauti ya chini."

"Mimi mtu wa Siaya?"

"Juzi uliletewa biriani ukaisema."

Patroba akatabasamu, akaitia sahihi, na ratiba pia.

Nkatha hakutaja jina la mtu. Aliwatangazia wote kuwa badala ya makofi watasema mashaallah, na kuwa chumba cha kuwekea viti kimetandikwa mikeka, na anayetaka utulivu aingie, hataulizwa. Mlangoni aliweka vibandiko: kijani kwa anayependa kupeana mkono, buluu kwa anayetosheka na salamu ya mdomo. Alitarajia buluu zichukuliwe tatu au nne. Zikaisha. Wanawake wa Amu, ambao kila mwaka walikuwa wakificha mikono ndani ya buibui wageni wa kiume wakiwasogelea, walizibandika vifuani wakitazamana kwa furaha.

Husni alikuwa amekwisha kuketi. Jana yake alipanda ngazi akaitengeneza feni mwenyewe.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka hotuba ya Patroba. Alipewa dakika kumi. Alizungumza kumi, kisha kumi nyingine, na alipofungua ukurasa mpya, Husni alisimama.

"Bwana Patroba, ratiba yasema umalize saa nne na dakika kumi. Sasa ni na ishirini."

Nkatha alijua Husni hakusema kwa ufidhuli. Alisema kwa kuwa ratiba ilisema. Patroba aliitazama ratiba mezani, na sahihi yake chini.

"Ni kweli," alisema. "Nimewaibia." Akaketi.

"Mashaallah!" mtu akaitikia kutoka nyuma, na watu wote wakaangua kicheko. Kicheko hicho kilikuwa kikubwa mno. Husni aliziba masikio akatoka.

Nkatha alimkimbilia, akidhani keshafika nusu ya njia ya Matondoni. Alimkuta katika chumba cha mikeka, amekunja miguu, macho ameyafumba. Pembeni yake, umbali wa mikeka miwili, alikuwa Fahima, kichwa ameegemeza ukutani.

"Keti au toka, dada," Fahima alinong'ona. "Lakini usiseme. Kila mwaka mikutano hii hunitia kipandauso, na kila mwaka nakunywa dawa nacheka tu." Akamtazama Husni kando. "Na mimi nikimwita huyu mwenye maringo. Mungu anisamehe."

"Nimesikia," Husni alisema, bila kufumbua macho. "Hakuna neno."

Zamu ya taarifa ya mitambo ilipofika, alirudi. Alizungumza papo hapo kitini, dakika tano kamili, na kwa mara ya kwanza watu wakaelewa kwa nini barafu huyeyuka mapema siku za joto za kaskazi. Walisema mashaallah wakiwa wameshusha sauti, Patroba akiwa wa kwanza.

Baada ya chakula Husni alimwendea Nkatha.

"Nimechoka sana," alisema. "Kesho sitasema na mtu."

"Sawa. Nitawaambia wasikusumbue."

"Lakini nimefurahi," akaongeza, akimtazama begani, si usoni. "Pilau ilikuwa na chumvi nyingi, na nimefurahi."