Kiraka cha Kijani

Misaveni anasema alimwona. Ndivyo alivyomwambia jirani yake Basani uani, huku anatafuna viwavi vya mti wa mopane vya kukaanga: alfajiri ile pampu ya kisima ilipoibwa, yeye alikuwa anakwenda kuokota kuni, akamwona mwanamume anaisukuma kwenye toroli, amempa mgongo, hana haraka hata kidogo, utadhani anapeleka mahindi kusagwa.

"Nani?" Basani akauliza.

"Shoga, mimi niliona mgongo. Usinitafutie makubwa."

Basani ndiye mchoraji wa kikundi cha wanawake watarizi. Huchora kwa penseli nyeupe juu ya kitambaa cheusi. Rangi za nyuzi huzichagua mtarizi mwenyewe, na mchoraji haingilii. Mwisho majina ya wote wawili hushonwa chini pembeni. Maonyesho ya mwaka huu yalihusu maji, basi akachora kisima, toroli, pampu, na mtu aliyegeuza mgongo. Akampa Bibi N'wa-Mashele atarizi.

Bibi alikileta asubuhi ya maonyesho, wageni kutoka mji wa Giyani wameshaanza kushuka magarini. Akakitundika mwenyewe ukumbini, akakifunika shuka. Basani akainua pembe ya shuka aone mishono.

Yule mtu alikuwa amevaa koti la kahawia, na chini kidogo ya shingo, mgongoni, kiraka cha kijani cha pembe tatu.

Kijiji kizima kina koti moja la namna hiyo, la Jumbe Mavunda. Jumbe ndiye aliyempa mama yake Basani kiwanja, kwa maneno ya mdomo tu, bila karatasi. Mwaka jana mjane mmoja alimjibu vibaya mkutanoni. Palipokuwa na nyumba yake sasa pamepandwa karanga.

"Bibi, umefanya nini? Mimi sikuchora kiraka!"

"Ulichora mgongo mtupu. Kiraka nilikishona mwenyewe, mke wa Jumbe aliponiletea koti. Mwenyewe hata hajui kama kipo." Bibi akavuta ugoro. "Kwani unadhani Misaveni peke yake ndiye anayeamka mapema?"

"Tukifumue, Bibi. Nakuomba."

"Fumua wewe. Macho yangu yameishia humo."

Basani akatoa mkasi mfukoni mwa aproni, akaingiza mkono chini ya shuka. Alikuwa amekata uzi mmoja tu vigelegele vilipopigwa mlangoni. Jumbe amefika. Akarudisha mkasi mfukoni, akasimama pembeni kama mtu aliyefumaniwa.

Baridi ya Julai ilikuwa kali. Jumbe alikuja na koti lake.

Akasalimia, akahutubia, akawasifu akina mama. Kisha akawageuzia watu mgongo, akavuta shuka.

Akaiona toroli. Akaiona pampu. Taya lake, lililokuwa linatafuna kitu, likasimama. Basani akatazama chini ya kitambaa. Jina lake lilikuwa pale chini, herufi nyeupe, kila ajuaye kusoma ataliona.

Halafu mabega ya Jumbe yakashuka. Akacheka.

"Mmemchora mgongo tu! Uso hamkuuona?"

Hakuna aliyecheka naye. Kutoka kwenye viti, watu walikuwa wanaona migongo miwili, mmoja kitambaani, mmoja mbele yake, kijani kwa kijani. Kwenye ule wa kitambaani uzi mmoja ulining'inia. Mtu akakohoa. Misaveni akajiziba mdomo kwa ncha ya nguo. Ukumbini mle, Jumbe peke yake ndiye asiyeweza kuuona mgongo wake.

Mgeni mmoja wa Giyani alitazama kitambaa, akamtazama Jumbe, akatazama tena kitambaa. Safu ya pili, mama yake Basani alikuwa anatikisa kichwa polepole: usiseme, mwanangu, usiseme.

"Basani," Jumbe akasema, macho bado kwenye kitambaa, "mchoro ni wako. Hebu waambie wageni wetu, huyu ni nani?"

Mkasi ulimchoma pajani.

"Sema, mwanangu. Unaogopa nini?"